Kibodi ya Baba Hiren

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Mlima haujaonekana wiki nzima na mimi sijautafuta. Meza yangu iko barazani, nje ya duka la vitabu na karatasi la Mama Hiren, na rasharasha ikipinda kidogo inaangukia bisibisi zangu zote. Leo nimetengeneza rimoti mbili na mwavuli. Mwavuli! Mtu mwenye kipaji kama changu. Nimevaa soksi mbili mbili na bado vidole vya miguu sivisikii.

Ndani ya duka, kando ya dirisha, kuna ile kona. Kona ya marehemu Ashok, mumewe Mama Hiren. Meza ya mbao nzito, soketi za kutosha, taa, kiti cha kuzunguka. Tangu afe hakuna aliyeikalia. Kompyuta imefunikwa kitambaa cheupe kana kwamba nayo inasubiri kuzikwa. Kila siku naitazama kupitia kioo, pua ikinitoka kamasi.

Leo Mama Hiren alikuja barazani mwenyewe. Akasema Jumapili marehemu anatimiza mwaka, jamaa watakuja kwa maombi, na mwanawe Hiren anatoka Nairobi. Anataka kibodi ya mzee itengenezwe kabla ya siku hiyo. Wakati wa matanga mgeni fulani aliimwagia chai ya maziwa na tangawizi, na tangu hapo imenata.

Kisha akaeleza mambo mengi. Kwamba wanaishi nyuma ya duka, na kati ya jikoni na ile kona ni ukuta tu. Kwamba miaka yote alikuwa akisukuma chapati huku akiisikia kibodi ikilia, kwa-kwa-kwa, na mwisho wa kila mstari Baba Hiren akigonga Enta kwa nguvu, KWA! Akiisikia alijua mzee yupo. "Mimi nataka tu vile ilikuwa," akasema. "Hiren atakaa hapo apige, mimi niko jikoni. Nisikie mara moja tu, Theuri."

Maskini. Wafiwa husema mengi. Mimi kazi nilishaielewa kwenye sentensi ya kwanza.

Halafu akatamka lile neno. Amechoka kuiona kona ikiwa tupu, anafikiria kumpa fundi wa kompyuta akae pale. Atakayeishughulikia kibodi ya mzee vizuri... Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza. Nilikuwa nimeshapanga mahali pa kutundika koti langu.

Kisha akaharibu. Akaniuliza kama namjua fundi Kyalo.

Nikasema namjua sana, ila kwa bahati mbaya amefiwa na mjomba wake huko Kitui na mwezi huu hatarudi. Sijui maneno yalitoka wapi. Yalitoka yenyewe. Mama Hiren akashika kifua, akamsikitikia kijana. Akaingia ndani, akaniletea kibodi ikiwa imeviringishwa katika shali ya marehemu.

Jumanne, 15 Julai

Mjomba wa Kyalo amenisumbua siku nzima, na hata hajafa.

Mwalimu Tryphosa, ambaye hununua kalamu na vitabu kwa Mama Hiren, alisikia habari za msiba pale dukani. Anaimba kwaya moja na Kyalo. Akavuka barabara moja kwa moja, akamkumbatia mbele ya kinyozi, akalia. Kyalo naye akaamini! Akapiga simu Kitui, mama yake akapiga nduru, majirani wakajaa uani. Mwishowe mjomba mwenyewe akaichukua simu akataka kujua ni nani huyo anayemzika.

Haya nimeyasikia nikiwa nimejificha nyuma ya gazeti. Hakuna aliyeuliza habari ilianzia kwa nani. Bado.

Ngoja nieleze huyu Kyalo ni nani. Ana kijimeza upande wa pili wa barabara, nyuma ya kinyozi. Hatengenezi rimoti, hatengenezi mwavuli. Yeye ni kompyuta na kibodi tu, hasa zile kibodi za kelele ambazo vijana wanaoandika kazi za mtandaoni wamezipenda siku hizi. Ana mkoba mdogo wa zipu na akiufungua wateja hunyamaza kama wanaona Biblia ya askofu. Kikoleo cha waya cha kutolea vifuniko vya herufi. Kingine cha kung'olea swichi, vile vijisanduku vilivyo chini ya kila herufi. Brashi laini. Kipulizio cha mpira. Spiriti safi. Kijikopo cha grisi na brashi nyembamba ya kuipakia. Huvitaja kimoja kimoja kwa sauti, hata kama mteja amekuja kuuliza choo kiko wapi. Ati vifaa muhimu!

Mimi vifaa vyangu ninavyo nyumbani, hapa Skuta, na sikuviagiza popote. Waya ya hanga, nimeikunja ikawa kikoleo. Kibano cha nyusi cha Murugi, mke wangu. Mswaki. Pampu ya baiskeli. Spiriti ya duka la dawa. Murugi aliinua kichwa kutoka kwa mashine yake ya kufuma sweta akapiga kelele, "Baba Wamucii, hiyo ni mswaki ya mtoto!" Nikamwambia Wamucii ana meno machache, atasubiri.

Nimetoa vifuniko vyote na kupuliza kwa pampu. Mambo yaliyotoka humo! Chembe za vitafunio vya chevda, mbegu za bizari, sukari iliyokauka, unywele mmoja mweupe. Murugi aliutazama ule unywele, akasema labda Mama Hiren angependa kuuona. Nimeupuliza nje ya dirisha. Takataka ni takataka, na mimi ni fundi.

Kimebaki kitu kimoja: grisi. Sina. Lakini mama yangu ana ng'ombe.

Jumatano, 16 Julai

Nimeenda Wamagana, kwetu Tetu, kwa mama. Matope mpaka magotini. Nilimwomba kopo la mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka chuchu za ng'ombe zisipasuke kwa baridi. Mimi najua mafuta hayo tangu utoto. Yanalainisha chuchu, mikono, bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, midomo ya watoto wa shule. Kama kuna grisi Mungu alituwekea sisi watu wa Tetu, ni hiyo. Kyalo na kijikopo chake cha ng'ambo wanashangaza.

Mama alinitazama kwa muda. Kisha machozi yakamlengalenga. Akasema alijua siku moja nitatulia. Alidhani nimenunua ng'ombe.

Ningemkatalia vipi? Mwaka juzi nilimwahidi vifaranga na mashine yangu ya kutotolea ikachemsha mayai yote. Mwaka jana nilimwahidi faida ya maparachichi. Akaniombea mlangoni, akamwita jirani aje kushuhudia. Nikaondoka na kopo, kamba ya kufungia ndama, na baraka za ng'ombe nisiyekuwa naye.

Jioni akapiga simu kuuliza tumempa jina gani. Nikasema Kibodi. Akasema ni jina zuri, la kisasa.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya mapambano.

Asubuhi Mama Hiren alikuja barazani. Alishasikia kuwa mjomba wa Kitui yuko hai. Nikasema Mungu ni mkubwa. Akanikazia macho kidogo, kisha akauliza kama basi ampe Kyalo kazi ile, maana kijana ana uzoefu. Nikamwambia mgonjwa akishapasuliwa habadilishiwi daktari. Akaniomba tena, polepole, nisiibadilishe, niisafishe tu. Alikuwa amejikumbatia kwa mikono miwili. Nadhani ni baridi.

Saa nne Kyalo mwenyewe akaja. Nikajiandaa kwa matusi. Sikupata. Alisema ya mjomba ameyaacha, mjomba mwenyewe anacheka, ameanza kuitwa Lazaro kijijini. Alichotaka ni kuiona kibodi. Sikuileta, iko nyumbani. Akauliza swichi zake ni rangi gani. Nikasema buluu.

"Mzee, hizo za buluu zimetengenezwa zilie," akasema. "Usifungue, usipake mafuta. Grisi iko na swichi zake. Hizi pangusa sukari na spiriti, kausha, rudisha. Wacha zilie."

Nikamuuliza kwa upole tangu lini fundi akafundishwa kazi barabarani. Ndipo akafanya jambo la ajabu. Akatoa ule mkoba wa zipu, wote, akaniwekea mezani. Akasema nitumie, nitamrudishia Jumatatu, ni kwa sababu ya yule mama. Akavuka barabara akaenda.

Sasa nauliza. Ni adui gani anayemwazima adui panga lake? Huu ni mtego. Labda ile spiriti si spiriti. Nimeusukuma mkoba chini ya kitanda mpaka ukagusa ukuta.

Na mchana, nilipofika nyumbani, nikagundua kwa nini alisema nisifungue. Nimefungua swichi ya kwanza kwa kibano cha nyusi. Ndani mna spiringi na kile kijiti cha plastiki kinachopanda na kushuka. Kijiti kimevunjika! Kipande cha juu ni buluu, cha chini ni cheupe, vimeachana kabisa, kimoja kinachezacheza juu ya kingine. Nikafungua ya pili. Imevunjika vilevile. Ya tatu. Ya kumi. Zote! Mahali pamoja, kwa namna moja!

Nimekaa nikawaza sana. Marehemu alikuwa mtu wa mkono mzito, kila mtu anasema hivyo, hasa kwenye Enta. Amezipiga miaka yote mpaka akazivunja zote. Ile kelele aliyokuwa akiisikia Mama Hiren ilikuwa ni vipande vilivyovunjika vikigongana! Maskini mama, alikuwa anasikiliza uharibifu akidhani ni mume. Na Kyalo anajua. Angekuwa anamsafishia sukari, anamrudishia vikiwa vimevunjika, na kona anapewa.

Sitamwambia Mama Hiren kwamba mumewe alivunja vitu. Kuna mambo mjane hapaswi kuyajua. Nitayabeba mimi.

Ijumaa, 18 Julai

Supa gluu.

Nimeanza alfajiri. Tone moja kwa kila kijiti, bana kipande cheupe na cha buluu, hesabu mpaka vishikane, paka mafuta ya kukamulia, funga. Swichi ziko zaidi ya mia. Sikwenda kazini. Murugi alifuma, mimi nikagundisha, na Wamucii akatukalia katikati akiuliza mswaki wake uko wapi. Nilijisikia kama baba katika picha za kalenda.

Murugi alisimamisha mashine akauliza, "Ati zote zimevunjika? Hata ile mzee alikuwa hagusi?" Akanionyesha kitufe fulani pembeni ambacho hata yeye hajui kazi yake. Akasema mashine yake ya kufuma ina vitu vingi ndani vinavyochezacheza, na vikiacha kulia ndipo anajua imeharibika. Nikamjibu kwamba sweta ni sweta na kompyuta ni kompyuta. Akafuma mkono wa sweta mzima bila kunitazama.

Saa kumi msiba ukaja. Nilikuwa nimebakiza swichi moja tu, ile ya Enta. Nikaminya tyubu, ikatoa hewa, nikaminya kwa nguvu zote, tone la mwisho likaruka likatua kati ya kidole gumba na kibano. Nikashikana na kibano! Nikavuta, ngozi ikaja. Nilipiga yowe mpaka jirani akazima redio.

Nikaenda duka la dawa nikiwa na kibano kimesimama kidoleni, watu wa Skuta wakinipisha. Mhudumu akauliza nilikuwa nang'oa nini. Akaniloweka katika maji ya moto na sabuni mpaka kikaachia. Nimerudi na bendeji. Mkono mmoja haufanyi kazi. Ile swichi ya Enta nimeirudisha vilevile ilivyokuwa, bila gluu, bila mafuta. Kesho nitainunulia tyubu nyingine niimalizie.

Mama amepiga simu. Anauliza Kibodi anatoa kiasi gani. Nimesema bado tunamzoesha.

Jumamosi, 19 Julai

Janga! Nimeamka nikaibonyeza herufi moja. Ikashuka. Haikupanda. Nikabonyeza nyingine. Ikashuka, ikabaki huko. Kwa baridi hii mafuta yameganda ndani kama nta ya mshumaa. Nilisahau kwamba ng'ombe ana joto lake mwenyewe.

Nimewasha jiko la makaa, nikaiweka kibodi juu ya stuli kando yake, nikaigeuzageuza kutwa kama mtu anayechoma mahindi. Harufu ya zizi imejaa nyumbani. Kitufe kirefu kimepinda ncha moja, kidogo tu, mtu asipokitafuta hakioni. Murugi amemchukua mtoto wakaenda kushinda kwa jirani.

Lakini kufikia jioni, ajabu! Vitufe vinashuka na kupanda, polepole, kama wazee wanaoinuka kanisani, lakini vinapanda. Na hakuna sauti. Hata kidogo. Nimefumba macho nikapiga mstari mzima wa herufi: kimya. Niliona fahari. Nani mwingine katika mji huu angeweza?

Murugi aliporudi nikamwonyesha. Akabonyeza herufi moja. Akabonyeza nyingine. Akaketi chini.

"Baba Wamucii. Si yule mama alisema anataka kusikia?"

Nikamweleza kwamba chombo kizuri hakisikiki. Gari la tajiri halisikiki. Friji mpya haisikiki. Kinacholia ni kibovu, hata mtoto anajua. Akauliza kama kinarudishika vile kilivyokuwa. Nikajibu kwa fahari kwamba gluu ile ikishika haiachii hadi siku ya kiyama. Akafunika uso kwa mikono. Nadhani amechoka na sweta za shule.

Nimepiga pasi koti la harusi. Nimeiviringisha kibodi tena katika shali.

Jumapili, 20 Julai

Sijui niandike vipi. Nitaandika tu vile ilivyokuwa.

Nilifika mapema. Duka lilikuwa limesafishwa, viti vimepangwa, picha ya Baba Hiren ina shada la maua na ubani unafuka. Jamaa walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, hata wengine kutoka Nanyuki. Hiren ni kijana mrefu, mpole, ana mabega ya babake. Nikamkabidhi kibodi kwa mikono miwili. Akashukuru. Akaiunganisha kwenye kompyuta pale konani. Akanusa kidogo, akafuta vidole kwenye suruali.

Baada ya maombi Mama Hiren akasimama. Alikuwa amevaa nyeupe. Akasema kwa watu, kwa Kiswahili ili na sisi majirani tuelewe, kwamba yeye sasa anaenda jikoni kusukuma chapati, kama siku zote, na Hiren ataandika kidogo. Hakuna haja ya mtu kusema kitu. Akaenda. Tukasikia kibao cha chapati kikianza kugonga upande ule wa ukuta.

"Anza, Hiren," akaita.

Hiren akaanza. Vidole vyake vilikwenda haraka. Mimi nikawatazama wageni ili wanione.

Kibao kikasimama. "Hiren, anza."

"Nimeanza, Mummy."

Kimya. Kisha tena, kutoka jikoni, kwa sauti ya chini: "Bado sisikii."

Hiren akapiga kwa nguvu zaidi. Akapiga karibu kwa ngumi. Vitufe vikashuka na kupanda na havikusema neno. Mzee mmoja akakohoa, watu wote wakamgeukia kana kwamba yeye ndiye kosa. Kisha tukasikia harufu ya chapati ikiungua. Mama Hiren akatoka, mikono ina unga hadi viwikoni. Akapita katikati ya watu bila kuwaona. Akainama, akaweka sikio karibu kabisa na kibodi, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Piga," akasema. Hiren akapiga. "Piga." Akapiga. Hiren alikuwa analia sasa, mwanamume mzima. Nami, nikidhani wanahitaji maelezo ya kifundi, nikasogea nikasema kwamba huo ndio ubora wenyewe.

Mtu akaenda kumwita Kyalo kwa kinyozi. Alikuja mbio na aproni ya kunyolewa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Akang'oa swichi moja, akaifungua, akaitazama sana. Akaitia kwenye mwanga. Nikasubiri aseme zilivunjika. Akasema kwa sauti ndogo kwamba vile vipande viwili hutengenezwa viwili. Kile cheupe hurukia chini, kikagonga, ndiyo sauti. Hivi vimegundishwa. Mama Hiren akauliza kama inawezekana kuviachanisha. Kyalo akatikisa ile nusu ya kichwa. Akasema anaweza kuagiza swichi mpya, zitalia, lakini hazitalia kama hizi. Hizi zilikuwa zimezoea mkono wa mzee.

Mama Hiren akasema hapana, asante. Akasema hivyo kwa adabu kabisa. Akafuta unga wake kwenye kitambaa cheupe cha kompyuta.

Halafu Hiren, sijui kwa hasira au kwa mazoea, akagonga Enta.

KWA!

Watu wote walishtuka. Mama Hiren alishika meza. Akamwinua Hiren, akakaa yeye kwenye kile kiti cha kuzunguka, akaweka kidole kimoja chenye unga juu ya Enta. Akagonga. KWA! Akafumba macho. Akagonga tena. Wageni wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakitembea kwa ncha za viatu. Kyalo akanipita bila kunitazama. Hakuna aliyenipa chapati.

Nimerudi nyumbani kwa miguu mvuani. Koti la harusi limelowa. Nimelala bila kumweleza Murugi, na hakuniuliza.

Jumatatu, 21 Julai

Ukungu. Duka halikufunguliwa, lakini nilitandaza meza yangu barazani kama kawaida, maana fundi hakimbii. Kupitia kioo nilimwona Mama Hiren. Amekaa konani tangu asubuhi. Shali ya mumewe mabegani. Anagonga Enta, anangoja, anagonga tena. Kwa! Kwa! Sauti mbaya, kavu, inapenya kioo na kuingia masikioni. Na kila ikilia machozi yanamtoka.

Kyalo alikuja kuchukua mkoba wake. Nilikuwa nimekuja nao. Akaufungua, akakagua, akaona haujaguswa. Akasema tu, "Mzee, hiyo Enta imebaki usiiguse. Tafadhali." Kisha akaniambia kwamba Mama Hiren amemwita asubuhi, amemweleza kwamba kona haitapewa mtu. Hata yeye. Ataikalia mwenyewe.

Nilifikiri mchana kutwa. Sikuwa nimeumia hivi tangu yale mayai. Kazi ya wiki nzima, ngozi ya kidole, nauli ya Wamagana, mama anayeuliza habari za ng'ombe, na mwisho wake mwanamke analia mbele ya macho yangu. Kwa nini analia? Nikamtazama tena. Kwa! Machozi. Kwa! Machozi.

Na hapo nikakumbuka. Enta! Nilisahau kuimalizia! Ijumaa niliirudisha bila gluu, Jumamosi mafuta yakaganda nikahangaika na jiko, ikanitoka akilini kabisa. Vitufe vyote kimya, laini, kisha kimoja kibovu kinampigia kelele katikati ya maombi, mbele ya jamaa kutoka Nanyuki! Ndiyo maana walishtuka vile. Ndiyo maana hawezi kuacha kukigonga, anatafuta hitilafu iko wapi. Na Kyalo, nyoka yule, ananiomba nisiiguse. Anataka kosa langu libaki likilia dirishani ili mji mzima usikie.

Aibu hii ni yangu na nitaiondoa. Kesho asubuhi Mama Hiren anamsindikiza Hiren kwenye stendi ya magari. Mlango wa nyuma, ule wa jikoni, huwa anaurudisha tu bila kuufunga. Nitaingia, ni dakika chache, na akirudi akaketi atakuta kimya kote. Simwambii, wala sitamtoza chochote. Hata kona nikinyimwa, moyo wangu utatulia.

Nimenunua tyubu mbili za gluu, isije ikaisha tena.